Nyumba Iliyotoka Nyuma ya Runinga

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mfagizi wa ukumbi wa gemu alipandisha mlango wa bati mpaka kiunoni, akainama, akaingia, akamalizia kuupandisha kwa ndani. Chini ya runinga namba moja, ya mpira, alizoa maganda ya karanga na vizibo viwili vya soda. Chini ya namba mbili, ya mbio za magari, alikuta ndala moja ya mguu wa kushoto. Chini ya namba tatu palikuwa na kifusi, debe tatu na nusu. Alikitia kwenye viroba, akavisogeza mlangoni, akarudi kupiga deki.

Kifusi kilitoka kwenye gemu. Namba tatu ilikuwa na gemu ya mji mkubwa ambao ndani yake kila kitu kinavunjika: kuta, madaraja, vibanda, ngazi, minara ya maji. Mchezaji alipewa nyundo, tindo na mtaimbo, na akiendelea sana akapewa makombora, kisha akaachwa azurure atakako. Alichokivunja kilianguka kwanza ndani ya kioo, halafu kikatoka nyuma ya runinga kwenye vile vitundu vya kupitishia joto. Mwenye ukumbi, ambaye wote walimwita Bosi ingawa mfanyakazi wake alikuwa mmoja tu, hakuwa na ugomvi na jambo hilo isipokuwa vumbi, kwa sababu lilimpa mafua. Alibandika karatasi ukutani: MVUNJAJI AZOE MWENYEWE. Hakuna aliyezoa.

Mfagizi alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Kwa miezi minane alikuwa ametazama namba moja na namba mbili zikikaa bure huku watu wakipanga foleni namba tatu. Aliwaona wakiingia na sura za watu waliosemwa vibaya kutwa, na wakitoka wakiwa wamenyooka mabega. Muuguzi mmoja, aliyekuwa akipita kila akitoka zamu, alimweleza siku moja sababu yake. Wodini unaosha, unafunga, unageuza, na kesho yake ni kama hukuwahi kufika. Humu anatoboa ukuta Jumanne, na Jumatano akirudi anakuta tundu lake linamsubiri. Lilimsubiri mpaka Jumatatu, siku ambayo Bosi alikuwa akianzisha mji upya.

Chumbani kwake mfagizi alikuwa akiishi na shangazi yake, dada wa baba. Shangazi alikuwa fundi mwashi. Miaka thelathini alijengea watu, na nyumba yake mwenyewe aliijenga Jumapili kwa Jumapili, miaka kumi na moja, vyumba viwili na baraza. Miezi mitatu nyuma, tingatinga lilitumwa kubomoa ghala bovu lenye mlango wa buluu. Mlango wa shangazi nao ulikuwa wa buluu. Dereva alikuwa na karatasi, karatasi ilisema buluu, na shangazi alikuwa kwenye kazi ya watu. Aliporudi jioni alikuta ghala limesimama na nyumba imelala. Hata kifusi kilikuwa kimeshabebwa, kwa sababu dereva alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

Ofisini palikuwa na chumba kimoja chenye meza mbili. Karani wa meza ya kwanza alifungua faili, akasoma mpaka mwisho, akamweleza shangazi kwa upole kwamba kilichobomolewa ni ghala na nyumba yake haikuguswa, kwa hiyo barua ya kukiri kosa haiwezi kuandikwa.

“Kwenye faili, mama, nyumba yako iko wima.”

“Basi nipe ufunguo wa hiyo ya kwenye faili,” shangazi akasema, “nikalale.”

Karani wa meza ya pili, hatua nne kutoka hapo, alikuwa na faili jingine. Lake lilisema kiwanja kitupu. Kiwanja kikibaki kitupu mpaka mwisho wa mwezi, kingechukuliwa kiwe maegesho ya malori. Shangazi aliwaomba makarani hao wasemezane. Walimjibu kwamba meza hizo mbili huwasiliana kwa maandishi, na majibu huchukua siku tisini.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja. Shangazi aliufunga mwiko wake kwenye kitambaa, akauweka chini ya kitanda cha mpwa wake, akaanza kulala akitazama ukuta. Mchana alihesabu tofali za ukuta huo. Zilikuwa mia mbili na sita, na mbili katika hizo alisema zimewekwa na mtu mlevi.

Siku moja mfagizi alisahau ufunguo wa chumba, shangazi akaupeleka ukumbini. Alimkuta kwenye namba tatu kijana mmoja mbeba mikate kwa baiskeli, ambaye kwa uchezaji wake walimwita Kombora. Kombora alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya vyumba vitatu. Akaifumua kwa makombora matano. Vumbi likatoka nyuma ya runinga likajaa ukumbini, na watu wakakohoa kwa raha.

Shangazi alichota vumbi, akalisugua vidoleni, akaliweka kwenye ulimi. Lilikuwa mchanga uliooshwa, usio na chumvi, na saruji yake ilikuwa ya kutosha.

“Hawa hawakuiba saruji,” akasema. Kisha akamgeukia Kombora. “Mwanangu, umevunja nyumba nzima, hujapata hata tofali moja.”

Kombora alisema hapo hakuna anayepata kitu, watu wanavunja tu. Shangazi akauliza kwa nini. Kombora hakuwahi kuulizwa hivyo.

“Kule nje nikiupiga ukuta, naumia mimi. Humu unaumia ukuta.”

Shangazi aliona hilo ni jibu la mtu mzima. Akaomba padi ya kuchezea.

Nusu saa ya kwanza alikwenda vibaya. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa saruji ya miaka mingi, na vile vitufe vilikuwa vidogo kama punje za mahindi. Aligonga nguzo za taa, akatumbukia mtaroni, akabaki anatazama mawingu. Kombora akamwuliza kama nyumba za watu nazo alizijenga hivyo hivyo, uso juu. Shangazi akamjibu kwamba hata yeye, siku anazaliwa, hakutoka na baiskeli ya mikate. Ukumbi ukacheka, akaachiwa nusu saa nyingine bure.

Katika nusu saa hiyo alipanda juu ya paa la nyumba ya kona. Hakuna mchezaji aliyewahi kupanda paa kwa kazi yoyote isipokuwa kulirukia. Shangazi alichagua mtaimbo mdogo, akaingiza ncha chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, akang'oa. Kisha wa pili. Waliotengeneza gemu hiyo walikuwa makini, kila bati lilikuwa na misumari yake yote. Bati la kwanza lilipoachia, liliteleza likatoka nyuma ya runinga zima, kwa ubavu, kama barua inayosukumwa chini ya mlango. Lilikuwa na joto kidogo. Mfagizi akalipokea, akaliegemeza ukutani, akarudi kungoja la pili.

Kuanzia siku hiyo shangazi alifika kila asubuhi pamoja na mpwa wake. Alivunja nyumba kinyume na inavyojengwa: bati, kenchi za mbao, lenta za juu ya milango, fremu, halafu tofali kozi kwa kozi, mstari baada ya mstari, akizigonga kwenye udongo wa saruji ulio kati yake ili zisipasuke. Watu wa ule mji, ambao kwa desturi hukimbia wakipiga kelele wakimwona mchezaji, hawakumkimbia yeye. Walitoa viti vyao nje wakakaa. Mzee mmoja wa humo, mwenye kofia, alikuwa akimshikia ngazi.

Kombora alitazama siku mbili, akatupa makombora yake, akaomba kufundishwa. Muuguzi alionekana kuwa na mkono wa vioo, madirisha yote aliyoyatoa hayakuwa na ufa. Bosi aliondoa ile karatasi ukutani, kwa kuwa sasa kila kilichovunjwa kilizolewa, na mafua yake yakapungua.

Katika mji huo palikuwa na jengo moja tu lisilovunjika, la ghorofa mbili, lenye bendera. Wachezaji wote walikuwa wamelijaribu. Kombora aliwahi kulimalizia siku nzima na halikuchubuka hata rangi. Walimpeleka shangazi alione. Aliweka tindo, akagonga mara moja, akatega sikio.

“Hili halikujengwa,” akasema. “Limechorwa tu. Ndani hamna tofali.” Akapita akaendelea na kazi.

Msingi wa nyumba yake ulikuwa bado ardhini. Mwiko ukatolewa kwenye kitambaa. Tofali zilipelekwa kiwanjani kwa baiskeli ya Kombora, sita sita, chini ya mikate, na wiki hizo wateja walilalamika kwamba mkate una mchanga. Zilikuwa tofali nzuri, zenye kona kali mno, na ukizitazama kwa upande zilikuwa na ubuluu kidogo. Dirisha moja lilikuja na mwanga wake. Lilipowekwa chumba cha nyuma liliendelea kuingiza jua la saa kumi alasiri, mchana na usiku, hata mvua inyeshe. Shangazi alisema hapo atakaa mtu wa kushona, au mwanafunzi, akakata pazia zito kwa ajili ya wakati wa kulala.

Siku ya mwisho wa mwezi, karani wa meza ya pili alifika na futi yake. Alipima kuta, akahesabu mabati, akasimama kwa muda kwenye chumba cha nyuma akiota jua. Aliandika kwamba kiwanja si kitupu na malori yatafutiwa mahali pengine. Alikunywa chai, akashukuru, akaondoka. Shangazi alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akakaa barazani, akavua viatu.

Wiki iliyofuata, bila kungoja siku tisini, ilikuja barua ya meza ya kwanza. Mfagizi aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba mkaguzi wa meza ya pili amethibitisha nyumba ipo, kama faili lilivyosema siku zote. Nyumba haijawahi kubomolewa. Malalamiko yamefungwa.

Shangazi akamwambia arudie. Akarudia.

“Jumapili zangu za miaka kumi na moja,” shangazi akasema. “Wameandika hazikuanguka.”

Mfagizi alimkunjia barua ile, shangazi akaipokea, akaishika kwa muda mrefu. Nyumba ilikuwa nyuma yake, ina paa, na kwa mtu aliyepita barabarani kila kitu kilikuwa sawa kabisa.

Jumatatu mfagizi alipandisha mlango wa ukumbi, na Bosi akaanzisha mji upya. Nyumba zote zikarudi mahali pake. Yule mzee mwenye kofia alikuwa pale kwenye kona na ngazi yake, akamwinulia shangazi mkono. Shangazi alikuwa amekuja na fundi cherehani wa mtaa wao, mwanamke mwembamba aliyekuwa akilala kwa dada yake na watoto watatu. Naye alikuwa na mlango wa buluu, na nyumba yake, kwa mujibu wa faili, ilikuwa wima.

Kombora alimpisha kiti. Fundi cherehani aliishika padi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe, akauliza aanze kuvunja wapi. Aliuona ukuta mbele yake, akauendea mbio na nyundo.

“Ukuta uache,” shangazi akasema, akavuta kiti karibu yake. “Panda juu. Tafuta msumari wa kwanza.”