Siasa na Sera

Sisi Watanzania tuna ugonjwa wa kusahihisha Kiswahili cha wenzetu, na mimi Leokadia ugonjwa huo umenikaa vibaya. Pale Hjulsta, mtaa wetu wa Stockholm, kwa jirani yangu Zénon wa Bujumbura, nilikuwa nakula maharage yake huku nikimrekebishia sentensi, naye hakukasirika hata siku moja. Mkewe Spéciose alikuwa akicheka tu. Binti yao Natacha, aliyekulia hapa Stockholm, alinijibu kila kitu kwa Kiswidi ili nisimpate.

Jumapili ile ya mwaka 2009 Spéciose alikuwa zamu katika nyumba ya wazee, kwa hiyo mezani tulikuwa watatu. Natacha alikuwa akisoma takwimu chuo kikuu, na kesho yake alitakiwa kumwambia mshauri wa masomo somo la pili alilochagua, lile Waswidi wanaloliita biämne. Alikuwa amelipanga muhula mzima: aanze na kozi ipi, ipi ifuate, ipi ingegongana na mitihani ya takwimu. Alitaka kujifunza jinsi serikali inavyoamua mambo: zahanati ipi ifungwe, mtaa upi upate shule, mkimbizi apewe nini na anyimwe nini. Kwa Kiswidi hiyo ni politik. Kugombania kura nako ni politik. Neno ni hilo hilo moja.

Kwa kumheshimu baba yake, siku hiyo alijitahidi kusema Kiswahili, na balaa lilianzia hapo.

"Papa, kesho naandikisha siasa."

Zénon aliweka kijiko chini, akamwomba arudie. Natacha akarudia akitabasamu, akidhani hajasikika.

Kofi la kwanza sikuliona, nililisikia. La pili lilimwangusha pamoja na kiti chake. Halafu mtu huyu mpole, anayewafungulia mlango hata vibibi wasiomsalimia, akachukua kompyuta ya mwanawe na kuipigiza kwenye ukingo wa meza mpaka vipande vya kioo vikaingia kwenye maharage. Nilimwita jina lake, hakunisikia. Alimwinua mtoto kwa shingo, akambana ukutani.

"Afadhali nikuue mimi," alimwambia. "Mi nitakuzika. Wale hawaziki."

Miguu ya Natacha ilikuwa ikipiga ukuta na midomo yake inabadilika rangi. Mimi si mtu wa subira. Nilichukua kikaango cha chuma jikoni nikampiga Zénon begani kwa nguvu zangu zote, na alipokataa kuachia nikampiga kichwani. Hapo akaachia. Alikaa sakafuni taratibu, damu ikimtoka juu ya sikio na kuingia kwenye kola ya shati lake la kanisani. Natacha alitambaa mpaka mlangoni, akawa anakohoa na kutema damu.

Nilikuwa na hasira, na kikaango sikukiweka chini. Nilimwambia Zénon kwamba nusura amuue mtoto kwa kosa la Kiswahili. Mtoto hajiungi na chama chochote wala haendi mkutano wowote. Neno alilolihitaji ni sera, yaani mipango ya serikali, na angekuwa ananisikiliza nikimsahihisha angelijua.

Zénon alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta damu kwa mkono.

"Sera," alisema. "Basi ndilo neno lenyewe, Dada Leokadia."

Ndipo akatueleza. Kaka yake Thomas hakufa kwa malaria, kama alivyowaambia watu wote. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Bujumbura miaka ya vita, na alfajiri moja wanafunzi wenzake wa kabila lingine waliingia bwenini na mapanga. Zénon alikuwa amekuja kumtembelea, akajificha chini ya kitanda. Walimkatakata Thomas pale pale juu ya godoro, na damu ikapenya ikamdondokea Zénon usoni, machoni, mdomoni. Hakuthubutu kuitema.

"Watu wa siasa wanapiga makelele," alisema. "Hawa walikuya kimya. Mlango huu wanaruka, mlango huu wanafungua. Ilikuwa imepangwa. Hiyo ni sera."

Hapo ndipo nilipokiweka kikaango chini.

Natacha alikuwa bado sakafuni, mdomo umevimba. Aliuliza kwa Kiswahili, "Nani aliipanga?"

Baba yake aliangalia pembeni. Kisha akamwambia kwamba akiliandikisha somo lile asirudi tena nyumbani kwake. Natacha alisimama. Alichukua koti lake akanifuata kwangu.

Nilitaka kuwaita polisi, akanikatalia, na nikamwambia wazi kuwa huo ni ujinga. Spéciose alipotoka zamu na kuiona damu ukutani, alimfukuza mumewe, naye akaenda kulala kwa rafiki yake, mji wa Södertälje. Kesho yake Natacha alijifunga skafu shingoni akaenda kwa mshauri wa masomo. Mshauri alimuuliza kwa nini amechagua somo hilo. Alimjibu kwamba anataka kujua watu wanaopanga mambo wanayapangaje, na nani anawaruhusu.

Alhamisi Zénon alibisha mlangoni kwangu, kichwa kimefungwa bandeji. Aliniuliza kama binti ameandikisha. Nikamwambia ameandikisha, na kwamba akiinua mkono kikaango kiko karibu. Natacha akatokea nyuma yangu.

"Sijakusamehe," alisema. "Ila niliuliza kitu, na hukunijibu."

Zénon hakuvuka kizingiti. Alisema macho yakiwa chini kwenye viatu vyake.

"Jean-Bosco. Walikuwa chumba kimoja na mukubwa wangu Thomas. Jioni ile tulikula naye, alinipa nyama yake. Ni yeye alikuwa anawaonyesha milango. Thomas alipokwisha, Jean-Bosco aliinama akachungulia chini ya kitanda. Tukaangaliana. Akasimama, akawaambia chumba hiki tumemaliza, twende." Alishika fremu ya mlango. "Ukimtafuta utampata, Natacha. Na ni yeye alinipa uhai. Sasa mi nitamwita muuaji, au nitamwita nani?"