Wali wa Gi-ho

Mimi si mtu wa kutishika ovyo. Nimewaosha wakwe zangu wote wawili walipokufa, kwa mikono hii, nimelala peke yangu miaka kumi na moja tangu mume wangu afariki, na nyoka akiingia ghalani kwa jirani, mimi ndiye ninayeitwa. Nayasema mapema ili mtu asije akadhani kwamba niliyoyaona nyumbani kwa Mama Gi-ho yalikuwa kiwewe cha uzee.

Tulikuwa watatu. Mama Gi-ho, mwenye nyumba, alinizidi miaka miwili, kwa hiyo nilimwita dada. Mama Pil-jae, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, aliishi ng'ambo ya kijito. Wa tatu mimi, Mama Hyeon-ju. Waume zetu walikwisha tangulia, watoto wako mijini, na kijiji chetu chini ya mlima Jiri kilibaki na nyumba nane tu zinazotoa moshi. Mara nne kwa mwaka, kila majira yakigeuka, tulikusanyika kwa dada tukala chakula cha mchana cha majira hayo. Tulikula kwake kwa sababu alitushinda kwa mapishi, na kwa sababu yeye hakukubali kutoka.

Hakukubali kutoka kwa ajili ya mwanawe. Miaka saba kabla ya haya, asubuhi moja ya Oktoba, Gi-ho alipanda mlimani kutafuta uyoga wa misonobari. Siku hiyo alichelewa kuamka, na mama yake akamkaripia mbele ya majirani, kijana mzima wa miaka ishirini na tisa amelala mpaka jua limepanda. Kijana akavaa viatu akaondoka bila kula. Hakurudi tena. Alitafutwa siku kumi na nane, na askari, na mbwa, haikupatikana hata kofia yake.

Tangu hapo dada alimpakulia wali kila siku katika bakuli lake la shaba, akalifunika kwa kifuniko chake, akalizungushia blanketi na kuliweka upande wa sakafu ulio karibu na jiko, pale penye joto zaidi, maana kwetu moto wa jikoni hupita chini ya sakafu. Ndivyo mama zetu walivyowawekea watu waliokuwa mbali. Ukifunua ukakuta matone ya maji chini ya kifuniko, mtu wako yu hai. Ukikuta pakavu, basi.

Najua, wali wa moto ukifunikwa lazima utoe jasho. Dada naye alijua, hakuwa mjinga. Lakini matone yale ndiyo yaliyompa usingizi, na nani angekuwa na roho ya kumnyima? Kuangalia peke yake hakuthubutu. Siku za kawaida alifunua kesho yake huku amefumba macho, akapangusa kifuniko kwa kitambaa, ndipo akaula wali ule kwa maji baridi. Kilitazamwa mara nne tu kwa mwaka, tukiwapo sisi. Kazi yangu ilikuwa kulileta bakuli mezani wakati yeye ananawa mikono.

Machipuko ya mwaka jana alitupikia supu ya ssuk, yale majani machungu yanayotangulia kuota theluji ikiondoka. Tulikula vizuri, Mama Pil-jae akarudia mara tatu na kudai kwamba ni tumbo lililomtuma. Nikaenda kuchukua bakuli. Sijui shetani gani alinituma nichungulie. Nilifunua kidogo, mvuke wa wali ukanipiga usoni, moto kabisa. Kifuniko kilikuwa kikavu. Nikapitisha kidole upande wa ndani: pakavu, na baridi, utadhani kimetolewa kabatini sasa hivi. Nikakishikilia juu ya mvuke nikihesabu hadi ishirini. Mvuke ulipanda, ukakigusa, na hakikushika unyevu wowote.

Nikamsikia dada jikoni anafunga maji, anakung'uta mikono. Kulikuwa na kikombe cha maji karibu. Nikachovya vidole vyangu vyote vitano, nikavigusisha chini ya kifuniko, nikafunika. Dada alikuja, akaketi, akafunua. Alitazama muda mrefu kuliko kawaida yake, halafu akasema yupo, akafunika tena. Mama Pil-jae aliinamia bakuli lake tupu ili asiseme neno.

Neno lenyewe alilisema njiani. Siku nyingi alikuwa anataka kijana afanyiwe matambiko ya wafu, na dada hataki hata kusikia. Alinikumbusha kama vile mimi sijazaliwa hapa: mfu anawekewa wali bila kifuniko, wali na supu vinabadilishwa upande, kijiko kinasimamishwa katikati ya wali.

"Mfu hawezi kufunua kifuniko, shoga," akaniambia. "Kama yule kijana alikufa, basi miaka saba hii yuko mbele ya chakula asichoweza kukigusa. Na aliondoka na njaa."

Nikamwambia afunge mdomo wake kabla sijamsukumia kijitoni. Alifunga, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Kiangazi kilipofika tulikula tambi katika maziwa baridi ya soya, jasho likitutiririka, maana dada alikuwa amewasha moto chini ya sakafu. Mwezi wa Agosti! Bakuli lazima likae pa moto, alisema. Kuni alizishusha mlimani mwenyewe, na nyonga yake ilikuwa mbovu. Mwezi wa saba alianguka nazo na paja zima likawa jeusi. Binti yake Gi-suk alikwisha mwandalia chumba huko Gwangju, amepiga simu amelia, amekuja na gari akarudi na gari tupu. Daktari alisema anguko jingine kama lile na hatatembea tena, na kama litampata mlimani majira ya baridi, hatarudi. Mama Pil-jae alipomsihi aende kwa bintiye, dada alicheka kidogo.

"Matone yakiwepo siondoki," akasema. "Si mliyaona wenyewe?"

Akanitazama mimi. Hapo nikaelewa nilichokifanya. Vidole vyangu vitano ndivyo vilivyomfunga pale, na kila mzigo wa kuni aliobeba nilikuwa nimempandishia mgongoni mimi. Ilinipasa niseme siku hiyohiyo. Nilikwenda kuchukua bakuli nikiwa nimejikaza kusema. Nikachungulia, pakavu tena. Nikachovya vidole tena. Mimi ninayekamata nyoka nilishindwa kumtazama usoni mwanamke mmoja mzee.

Vuli alipika supu ya majimbi na ufuta wa kusaga. Katikati ya kula Mama Pil-jae akaweka kijiko chini, akauliza ni nani anayeguna. Hakuna aliyeguna. Mimi nilikuwa nimesikia pia, pembeni ya bega langu la kushoto, mguno mdogo wa mtu anayenusa harufu ya chakula, lakini nilimwambia ni tumbo lake. Nilipolifungua lile blanketi niliona mikwaruzo kwenye bakuli. Ilikuwa upande wa nje, ukingoni, pale kifuniko kinapokutana na bakuli, myembamba, mingi, imezunguka pande zote. Nikajiambia ni paka. Dada hana paka. Nilipitisha ukucha wangu kwenye mkwaruzo mmoja, ukaingia sawasawa.

Nikalowesha kifuniko kwa mara ya tatu.

Ikafika siku fupi kuliko zote katika mwaka, ambayo kila nyumba hupika uji wa maharage mekundu na vidonge vya unga wa mchele. Kabla ya kuula, unachota kidogo na kuupaka kwenye nguzo za mlango, maana wekundu ule hufukuza kila kitu kisichostahili kuwa ndani. Ndiyo sababu maharage hayo hatuwawekei wafu wetu mezani hata siku moja. Theluji ilikuwa imefika magotini. Dada alikuwa na alama mpya ya kukwaruzwa shavuni. Alisema ni kijiti cha kuni. Alichota uji katika kibakuli kidogo, akainuka kwa kujishika ukutani, akaelekea mlangoni. Mama Pil-jae alikuwa kesha anza kulamba kijiko.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la Gi-ho. Kifuniko kilikuwa kimesogea upana wa uzi, kimekwama kwa upande, na mikwaruzo ya ukingoni ilikuwa imechimba shaba hadi kung'aa. Nikamwona dada amenyanyua mkono kuupaka mlango. Nikafikiria kijana yule, ameingia ndani baada ya yote aliyopitia, na mama yake mzazi anamfukuzia kwenye theluji bila kujua.

"Dada, usipake," nikasema.

Aligeuka. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa maana ningeketi nisingemaliza. Nilimwambia kifuniko ni kikavu tangu machipuko, na matone yalikuwa yangu, na Gi-ho amekufa, na yumo humu ndani, na ana njaa. Mama Pil-jae alishika mdomo kwa mikono miwili. Nilingoja dada anirushie ule uji. Ningeona ni haki.

Alirudi polepole, akaweka kibakuli chini, akakaa.

"Jasho la wali ni dogo dogo, linajaa kila mahali," akasema. "Yako yalikuwa matone matano, makubwa, yamejipanga kama vidole. Miaka saba natazama kifuniko hiki, wewe ulidhani sitajua?"

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza, kwa nini alibeba zile kuni zote. Akayafumba macho, kama anavyofanya anapokifunua peke yake.

"Nilimfukuza mimi, mdogo wangu. Halafu nikaona kuna mtu mwingine anayemtaka awe hai, anamtaka mpaka anadanganya. Nikasema, mimi ni nani nimzike peke yangu?"

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa sauti kama mtoto, na Mama Pil-jae akaniambia ninyamaze, huku yeye mwenyewe kamasi zinamtoka.

Dada ndiye aliyeanza kufanya kazi. Aliondoa sufuria ya uji akaitoa nje kwa mlango wa jikoni. Alipasha supu ya figili, akaleta samaki mkavu, majani ya mlimani aliyoyakausha, lakini kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, hakuiweka, kwa sababu ya wekundu wa pilipili yake. Aliweka supu mahali pa wali na wali mahali pa supu. Halafu akashika kifuniko. Kilikataa. Alikivuta kwa vidole vyake vilivyopinda, mimi nikashikilia bakuli, kikatoka kwa mlio wa chuma, na mvuke ukapanda mpaka darini. Akachukua kijiko cha mwanawe akakisimamisha katikati ya wali.

"Kula, baba," akasema. "Mama hana hasira tena."

Desturi inataka mtu aachwe ale bila kutazamwa, muda wa vijiko tisa. Tukageuka wote watatu tukaelekea ukuta, magoti yakigusana. Nje kulikuwa kweupe, jua la mchana juu ya theluji, kuku wa jirani wanalalamika. Nyuma yetu kijiko kikagusa shaba.

Tulisikia vizuri. Kijiko kinachota, kinakwaruza, kinanyamaza. Mama Pil-jae alikuwa anahesabu kwa midomo. Tukafika tisa. Cha kumi kikafuata, na cha kumi na moja, cha haraka zaidi, cha mtu asiyesubiri kumeza. Hesabu ilitupotea. Mkono wa dada ulikuwa umeshika wangu, na hakuubana kwa woga. Alikuwa anaupapasa, kama unavyompapasa mtoto mgongoni anaposhiba. Mwishowe kijiko kikawekwa chini, taratibu, na mtu aliyefundishwa adabu.

Tulipogeuka wali ulikuwa umejaa kama mwanzo. Kijiko kilikuwa kimelala juu ya meza.

Mama Pil-jae alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema yamekwisha, yamekwisha vizuri, sasa mlango upakwe uji upesi kabla jua halijashuka, maana siku yenyewe ni hii, na mlango mtupu siku kama hii si wa kuachwa. Alikwisha shika kile kibakuli. Dada alimpokonya, akafungua mlango mkubwa, akaumwaga uji kwenye theluji mbali na kizingiti. Baridi ikaingia. Hakuufunga mlango.

"Mwaka huu sipaki," akasema.

"Na wengine wakiingia?" Mama Pil-jae akauliza. "Dada, mlima ule una watu wengi. Tangu vita vile vilivyopiganwa humo tukiwa watoto, nani anajua ni wangapi waliobaki."

"Ni watoto wa watu."

Dada alirudi kukaa, akauelekeza uso wake mlangoni, na mimi nikautazama ua, weupe mtupu, bila nyayo hata moja. Kwenye jiwe la kupandia, chini ya kizingiti, pale tunapoacha viatu, kukasikika kiatu kinavuliwa na kuwekwa chini. Halafu cha pili chake. Kimya kidogo. Halafu jozi nyingine, na nyingine nyuma yake, nzito, kama buti zilizolowa, na mguno mdogo wa watu wanaonusa harufu ya chakula.

Mama Pil-jae alininong'oneza tukimbilie jikoni. Dada aliinua mkono kumtuliza, kisha akaniambia, kwa sauti ileile anayotumia wageni wakizidi:

"Mama Hyeon-ju, wali upo kwenye sufuria. Leta mabakuli. Vifuniko viache."

Nikainuka, nikaenda kuleta mabakuli.