Maji ya Bwana Kaka

Kila Alhamisi saa moja u nusu jioni, watu wa Malindi wenye televisheni na wasio nayo hukusanyika kumcheka Kiponda. Humcheka akificha sukari ndani ya buti, akichungulia sufuria ya dada yake, akigombea kiti na mdogo wake na mvi zote zile kichwani. Mchezo wenyewe unaitwa Chungu Kimoja: ndugu watatu, watu wazima wa kutosha kuwa na wajukuu, wamerithi nyumba ya baba yao na hakuna anayekubali kutoka. Kiponda ndiye mkubwa wao, Bwana Kaka, na akishapiga kifua akasema, "Nyumba hii ina mwenyewe!" hata mgonjwa hucheka.

Mfuate basi huyo Bwana Kaka hadi kwake Kakuyuni, uone kama utacheka. Nyumba ya vyumba vinne, mtu mmoja. Husonga sima nyingi kwa sababu mkono wake haujajifunza kupima ya mtu mmoja, na inayobaki huwapa kuku. Siku nyingine husema kwa sauti, "Mvua hiyo," au "Mlango huo," si kwa wazimu, ni kutaka tu kusikia mtu akisema jambo humo ndani. Raha yake ni siku mbili za kurekodi kule Bofa, katika nyumba ya kukodi, ambako Wanjira, anayeigiza dada yake, humwita kaka, na Japheth, anayeigiza mdogo wake, humnyang'anya mto. Halafu saa kumi taa huzimwa na kila mtu huchukua mkoba wake.

Dada wa kweli alikuwa naye. Dorcas, mdogo wake, wa tumbo moja. Kiponda alipofiwa na mkewe, na Dorcas alipoachana na mumewe, walijikuta wote wawili wamerudi katika nyumba hiyo ya baba yao Kakuyuni, wakakaa miaka tisa. Waligombana kwa ajili ya chumvi, redio, na mlango wa nyuma ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga. Wahenga walisema ndugu wakigombana ushike jembe ukalime, na majirani wao walilima kweli, maana waliijua asubuhi yake: Dorcas anakaanga mahamri, Kiponda anaiba la kwanza, vicheko mpaka barabarani. Nusu ya vituko vya Bwana Kaka vilitoka kwa Dorcas, na sijasikia siku moja akimshukuru.

Kisha Dorcas, mwenye miaka hamsini na miwili, akaposwa. Mposaji ni Gerishom, fundi wa kuezeka makuti kutoka Muyeye, naye amefiwa, mtu wa maneno machache na viatu safi. Kaka mwingine angechinja kuku. Kiponda alinuna wiki nzima, na siku Dorcas alipofunga sanduku lake akasimama mlangoni, akatamka mbele ya jamaa zote: "Ukivuka kizingiti hiki umejitoa. Huko uendako usione heri, na nikifa usije." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Dorcas aliinamisha kichwa, akavuka, akaenda zake.

Kwa Wagiriama, neno la ndugu mkubwa lililotoka kwa hasira haliachwi likajiendea. Baba hayupo, mama hayupo, Kiponda ndiye aliyesalia badala yao wote wawili. Neno kama hilo humkalia mtu, na la kuliondoa ni moja tu. Aliyelisema huungama kilichomuuma, hupiga funda la maji, huyapuliza kifuani kwa yule aliyemtamkia, kisha humtakia heri. Wenyewe huita kuhatsa. Si kazi ya mganga wala hakuna ada. Kunataka kinywa kile kile kilichosema, na mtu yule yule aliyesemwa awe amekaa mbele yake.

Mwaka wa pili wa ndoa yake Dorcas alipata kidonda cha mguu. Hospitali walimpa dawa, akazimaliza. Kidonda kikafunga, kikafumuka, kikafunga tena, kikafumuka. Akamtuma binamu yao Ziro hadi Kakuyuni. "Mwambie kaka aje anipe maji." Kiponda akajibu kwamba dawa zipo, amsikilize daktari. Ziro akatumwa mara ya pili. Safari hii Kiponda akasema amebanwa na kurekodi, na Ziro, ambaye anajua kwamba wiki ina siku saba, akanywa chai yake akaondoka bila kumbishia.

Msidhani alikuwa ameisahau imani ya kwao. Aliyajaribu maneno peke yake, jikoni, mara nyingi. Kuungama angeweza, kuomba radhi angeweza. Lakini kuhatsa kunataka heri itamkwe, na heri ya Dorcas ilikuwa Muyeye, kwa mumewe. Akifika kwenye "kaa huko kwa amani," aliishia hapo. Kusema hivyo ni kukubali kwamba harudi tena.

Ndipo Mueni, mwongozaji wa mchezo, alipokuja na kipindi kipya. Rehema, yaani Wanjira, anataka kuolewa na kuhama. Bwana Kaka anamtolea maneno makali. Keki inaungua, gari la harusi linanasa matopeni, mpaka mwishoni Bwana Kaka anampa maji, Rehema anaghairi kuolewa, na wote watatu wanakula chungu kimoja.

"Mwalimu, haya ni ya kwenu," Mueni akamwambia, kwani Kiponda alikuwa mwalimu mstaafu. "Tuonyeshe yanavyofanywa. Ila yachekeshe kidogo."

Angekataa. Kila Mgiriama atakayesikia kisa hiki atasema angekataa. Yeye alikubali, na mara ya kwanza alimpuliza Wanjira usoni makusudi, watu wakacheka wakashika mbavu. Mara ya pili alimtazama yule binti aliyeketi kwenye kigoda, leso mabegani, na mzaha ukamtoka.

"Dada yangu," akasema, "hasira yangu nimeitema chini. Upone. Unachokula kikushibishe, unapolala upate usingizi." Akapuliza maji. Machozi yakamdondoka, na Wanjira naye akalia, akasahau lake la kusema. Mueni akasema hapo hawarudii kitu.

Alirudi Kakuyuni mwepesi. Kosa alilolifanya usilicheke haraka, maana mtu mpweke hujishawishi mambo mengi. Alijiambia kwamba kinywa kilikuwa ni kile kile, maneno yalikuwa ya kweli, na Alhamisi Dorcas atakuwa mbele ya televisheni kama watu wote. Ataona, ataelewa ni yake. Tena kwenye mchezo dada amebaki nyumbani, na hilo lilimpendeza kuliko yote.

Alhamisi alikaa na simu magotini. Kipindi kikaisha. Aliyepiga ni Ziro.

"Ametazama," Ziro akasema. "Nilikuwa hapo. Ulipochukua maji, Dorcas alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo, akashusha leso kifuani. Kaka, alikuwa akingoja. Kisha akaona yamemwangukia yule msichana."

"Akasemaje?"

"Akasema, maji yangu kaka amempa mtoto wa watu. Basi. Akanyanyuka na mguu wake ule akaenda kulala, na saa mbili haijafika."

Asubuhi Kiponda alikuwa Muyeye. Hakufika peke yake. Tangu stendi ya tuktuk watoto walimfuata, "Bwana Kaka! Nyumba hii ina nini?" na mama wa maandazi akaacha karai lake akamfuata pia. Gerishom alimpokea mlangoni kwa heshima zote. Dorcas alikuwa amekaa mkekani, mguu umenyooshwa, kitambaa cheupe kimefungwa kwenye kifundo. Amekonda. Kiponda alimwona amekonda, ikamuuma.

"Karibu, Bwana Kaka," Dorcas akasema. "Leteni kiti, mgeni akae."

Hakukaa. Akaomba maji, Gerishom akayaleta kwa kata. Kiponda akapiga magoti, goti moja likalia, na dirishani simu zikainuliwa.

"Dada yangu," akaanza, "hasira yangu nimeitema chini..."

"Upone!" mlango mzima ukaitikia. "Unachokula kikushibishe!" Walikuwa wameyahifadhi yote, vicheko vikajaa chumba, na hata Gerishom alicheka kabla hajaziba mdomo. Kiponda akabaki na kata mkononi. Maneno yake ya kweli alikwisha kuyauza kule Bofa, na sasa yalikuwa ya kila mtu.

"Tokeni!" Dorcas akapaza sauti. "Nyote! Gerishom, funga dirisha, kisha nawe kaa nje."

Mlango ulipofungwa akamgeukia kaka yake. "Hayo ni ya yule binti. Yangu yako wapi?"

Kiponda alitafuta. Mtu aliyechekesha mji mzima, mbele ya mwanamke mmoja neno lilimtoka vipande vipande.

"Niliogopa kubaki peke yangu," akasema. "Sina ubaya na Gerishom. Hata siku ile sikuwa nao. Niliogopa ile nyumba, Dorcas. Nikaona nikikutisha utakaa."

"Na umebaki."

"Nimebaki. Nasonga sima, nawapa kuku."

"Mbona hukuniambia hivyo? Ningekuja kila Jumamosi. Miaka miwili hii, kaka, ningekuja. Nilidhani waniombea mabaya."

Hapo Kiponda alilia, si kama alivyolia Bofa. Alilia vibaya, na kamasi. Alipotulia akapiga funda la maji, akampuliza kifuani. Ilibaki heri. Alijua vizuri kwamba akiitamka hakuna mchezo wa kumrudisha Dorcas jikoni Kakuyuni, na akiimeza tena, dada yake atabaki na neno lile kifuani.

"Hapa ndipo kwako," akasema. "Kaa hapa kwa amani, na mumeo. Mguu upone. Usirudi kwangu ila kwa kunitembelea."

Dorcas hakujifuta. Aliyaacha maji yakauke yenyewe, kama ipasavyo, akamshika kaka yake mkono kwa muda mrefu. Kisha akamwita Gerishom aingie, akamwambia apakue chakula mapema, kwa sababu mgeni anarudi Kakuyuni na kwake hakuna mtu wa kumpikia.