Uzi wa Upande Mmoja

Tangu theluji ianguke, Kadyrkul hakutoka nje ila kwa kulisha kondoo, kuchota maji, na kubeba samadi kavu ya kuwashia jiko. Kumtukana mwenyekiti wa kijiji hakukuhitaji kutoka. Hilo alilifanya ndani, ameketi dirishani na shazia, sindano nene ya kushonea sufu, mkononi, akishona zulia la marehemu mkewe.

Burmakan alifariki majira kama haya mwaka uliopita. Tumbo lilimshika asubuhi, na barabara ya bondeni ilikuwa imezibwa na theluji. Kadyrkul akampigia simu mwenyekiti, Omurzak.

"Katapila linakuja, kaka," Omurzak alisema. "Limeshatoka."

Wakangoja. Mwisho wakamlaza Burmakan kwenye tela la trekta, katikati ya majani makavu ya kondoo, na hata darajani hawakufika. Katapila lilikuja watu wakiwa wameshazika. Lilikuja kwa sababu mkubwa mmoja alitaka kukagua shule, na gari lake halikupaswa kuchafuka.

Sasa hitima ya mwaka ilikuwa imekaribia, na Kadyrkul alikuwa na mambo mawili moyoni. La kwanza, kila atakayeingia siku ile akute zulia la Burmakan limetandikwa mbele, mkabala na mlango, pale wanapoketi wageni wa heshima. Asije mtu akasema mwanamke yule amekufa akaacha vipande. La pili, Omurzak akithubutu kuja, atamiminiwa chai mpaka bakuli lifurike mbele ya watu wote. Pale kijijini mgeni unayempenda unammiminia kidogo kidogo, ili akae, aombe tena. Ukimjazia mpaka ukingoni, umemwambia ainuke aende zake.

Vipande vyenyewe vilikuwa sandukuni tangu Burmakan yu hai. Aliweka shuka mbili za sufu iliyoshindiliwa, moja nyeupe, moja ya kahawia, akazikata kwa kisu pamoja, moja juu ya nyingine, mtindo wa pembe za kondoo. Ukikata hivyo unapata mazulia mawili: pembe nyeupe zinaingia kwenye kahawia, na pembe za kahawia zinaingia kwenye nyeupe. Hakuna kinachotupwa. La kwanza alilishona, likaenda mjini Bishkek na binti yao Nurjamal alipoolewa. La pili alilifunga kwenye kitambaa.

"Hili ni letu," alisema. "La kukalia wazee wawili, tukishaachwa."

Nurjamal alipiga simu umeme uliporudi kidogo.

"Baba, liache. Nitakuja nilishone mwenyewe."

"Utapita wapi?"

"Barabara itafunguliwa kabla ya hitima. Wametangaza redioni."

"Basi panda hiyo redio uje nayo."

"Baba."

"Nakwambia ukweli, mwanangu. Mama yako aliambiwa vivyo hivyo."

Kushona sufu ni kazi ya wanawake, na jirani yake Jumaly hakumwachia apumue. Kila akipita na punda wake aligonga kioo.

"Kadyrkul, nikuletee kitambaa cha kichwa?"

"Lete. Kiwe cha maua."

Alichomwa na shazia mpaka kidole kikaota sugu. Alivaa kastabini ya mkewe ya kukinga kidole, ikamkwama, akaitoa kwa sabuni. Alhamisi alikanda unga na kukaanga maandazi, maana marehemu hufikiwa na harufu ya mafuta, ndivyo wanavyoamini. Yeye aliyaunguza takriban kila Alhamisi. "Samahani, mama Nurjamal," alisema, akifungua mlango ili moshi utoke. "Leo tena utanusa moshi." Kisha akala yale meusi na uji mchachu wa shayiri, akarudi dirishani.

Jambo moja tu hakuwa na wasiwasi nalo, nalo ni uzi. Kusokota alikujua. Majira ya baridi mengi walikuwa wakiketi hivyo, Burmakan upande ule wa jiko, yeye upande huu, kila mtu na sufu yake, redio ikiwapigia kelele. "Wewe sokota hivyo hivyo," Burmakan alikuwa akimwambia. "Usibadilishe." Naye hakubadilisha. Uzi wake ulikuwa mkavu, umekaza, unalingana toka mwanzo mpaka mwisho. Aliulaza kwenye kila mpaka wa nyeupe na kahawia, nyuzi mbili mbili ubavu kwa ubavu, kama alivyoona kwenye zulia la Nurjamal.

Akamaliza. Akalinyunyizia maji ya moto, akalikunja, akalikanyaga kwa mabuti, akaliweka karibu na jiko likauke.

Siku chache kabla ya hitima akaja Sakysh, dada mkubwa wa Burmakan, kwa farasi wa mwanawe, kusaidia kupika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa mbao. Aliteleza kwenye barafu bombani, bomba ambalo Omurzak aliahidi kulitengeneza tangu wakati wa mavuno.

"Shemeji, umekonda," alisema kabla hata hajavua koti. "Unafanana na hiyo shazia."

"Na wewe umenenepa kwa niaba yangu. Kaa hapo, nikuonyeshe kitu."

Kadyrkul akalikunjua zulia sakafuni. Alisubiri kusifiwa, na hakuona aibu kusubiri.

Sakysh akachuchumaa, akapitisha mkono wake mzima juu ya mshono. Akarudia. Kona moja ya zulia ikaanza kujiinua polepole, kisha ya pili.

"Uzi wa kushoto uko wapi?" aliuliza.

"Uzi gani wa kushoto?"

"Hizi mbili zote umezisokota upande mmoja, shemeji. Zote kulia."

"Uzi ni uzi."

"Siyo. Mmoja husokotwa kulia, mwenzake kushoto, ndipo wanalazwa pamoja. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule, zulia linatulia. Ukiweka wa kulia watupu, wote wanavuta njia moja."

Kadyrkul akaitazama mikono yake. "Ndivyo nilivyosokota siku zote."

"Najua. Wewe ulikuwa wa kulia. Wa kushoto alikuwa anausokota yeye."

Chai ikachemka kwenye samovari, birika kubwa lenye bomba, hakuna aliyeinuka kuizima.

"Hakuniambia," Kadyrkul alisema.

"Akwambie nini? Ulikuwa husokoti vibaya."

Kufumua yote na kushona upya kabla ya hitima haikuwezekana. Sakysh hakuwa na mkono, na wanawake wengine wa mtaa walikuwa mabondeni kwa wana wao, ng'ambo ya theluji isiyozolewa. Wakaweka magunia ya unga kwenye kona, na pasi ya chuma, na mawe yaliyopashwa moto. Usiku kucha zulia likalala. Asubuhi walipoondoa, likajikunja vile vile, likaacha tumbo katikati, kama kitu kilichokataa.

"Watakaa watu juu yake," Sakysh alisema. "Hawataona."

Siku ya hitima watu walikuja kwa miguu na kwa farasi. Nurjamal hakuja. Alipiga simu kutoka mahali magari yaliposimamishwa. Katapila linakuja, ndivyo walivyoambiwa, akalia, simu ikakatika. Kondoo wawili walichinjwa. Nyama ilitolewa na tambi zake, mchuzi ukafuata kwenye mabakuli, na maandazi aliyokaanga Sakysh kwa mkono mmoja yakamwagwa kitambaani kama mahindi. Halikuungua hata moja.

Ndipo Omurzak akaingia, akikung'uta theluji, kofia mkononi.

Kadyrkul akasimama. Sakysh akamfinya mgongoni. "Mtu wa hitima hafukuzwi mlangoni."

"Simfukuzi. Atakunywa chai."

Wazee wakasogea, kwa kuwa mwenyekiti ni mwenyekiti, wakampa nafasi mkabala na mlango. Omurzak alikuwa mzito. Alikalia ile kona mbaya kuliko zote, akatupa mguu juu ya tumbo la zulia, na zulia lote likanyooka. Pembe nyeupe zikaonekana zote, toka ncha hadi ncha, kama Burmakan alivyozikata.

"Zulia zuri," Omurzak alisema. "Limetulia. Nani kashona?"

"Marehemu," Kadyrkul alijibu.

"Mungu amrehemu. Mikono kama ile haipo tena." Akatafuna. "Habari ya barabara, kaka, tunaishughulikia. Kesho, Mungu akipenda."

Kadyrkul akachukua bakuli la Omurzak, akafungua bomba la samovari. Nyumba ilikuwa imejaa, kila jicho lingeona. Jumaly mwenyewe aliacha kutafuna. Chai ikapanda bakulini. Akamtazama Omurzak, akaitazama ile kona chini ya paja lake, akajua itafanya nini mara tu mtu huyu akiinuka, na kisomo bado, na watu wote wamekaa wanatazama huko.

Akafunga bomba. Bakuli halikufika hata nusu.

"Karibu, mwenyekiti," alisema.

Omurzak akanywa, akarudisha bakuli. Kadyrkul akammiminia tena, kidogo. Akammegea nyama ya mbavu. Akamuuliza habari za watoto wake, akasikiliza majibu yote. Omurzak akalegea, akafungua vifungo vya koti, akasimulia safari yake ya wilayani. Kila bakuli liliporudi, lilijazwa kidogo kidogo, na Sakysh aliyekuwa mlangoni akageuza uso.

Kisomo kikasomwa, mikono ikapanguswa nyusoni, watu wakatoka. Omurzak alikuwa wa mwisho.

"Sikujua unanipenda hivi, kaka," alisema, akimshika bega. "Nilidhani una kinyongo."

Kadyrkul akamfungulia mlango. Alipogeuka, kona ilikuwa imeshainuka.

Sakysh alikuwa akikusanya mabakuli kwa mkono wake mzima. "Theluji ikiyeyuka utalifumua," alisema. "Ulishone upya taratibu."

"Wa kushoto atausokota nani?"

Sakysh akaendelea kukusanya mabakuli. Kadyrkul akaenda mkabala na mlango, akakaa juu ya ile kona ili ilale. Sufu ilikuwa bado na joto la Omurzak.