Vichwa Vilivyompisha Lukumani

Saa tisa na nusu alasiri, mjini Kasongo, ubao ukiwa bado na unyevu wa kitambaa, Prof Marcellin aliandika vipande vitano vya Kiingereza: un, in, im, dis, non. Akasema kila kimoja hubandikwa mbele ya neno ili kulikanusha.

"Na kipi kinaenda wapi, Prof?" aliuliza Rehema.

"Unakariri tu."

"Kanuni haiko?"

"Kanuni iko. Haifuatwi."

Zakaria, mwendesha pikipiki aliyeingia darasani kukwepa mvua, akacheka. "Sawa na barriere ya askari kule njiani. Huyu anapita, huyu anashushwa, na wote iko na karatasi moja."

Rehema hakucheka. Mwaka uliopita kampuni ya dhahabu iliwaita wakulima wa kando ya machimbo ya Salamabila, ikawauliza kupitia mkalimani kama wataachia mashamba yao. Papa yake mzazi, mzee Bulaimu, alisimama akasema hapana. Mkalimani akaigeuza, na muzungu wa kampuni akatabasamu, akashukuru. Hapana ya mzee ilipotelea njiani, wala hakuna aliyejua ilishukia wapi. Sasa mkutano wa pili ulikuwa unakaribia, kampuni inatafuta mkalimani mpya, na Rehema alitaka kuibeba hapana ya papa yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Kesho yake ubao ulikuwa mtupu. Vipande vilikuwa vimeshuka, viko uani na bata, vinakunywa maji. Kimo chavyo kilikuwa cha kifaranga, rangi ni ya chaki. Watu wa Kasongo waliviita vichwa, kwa kuwa kazi yavyo ni kukaa mbele, na kila kitu vilichokikalia mbele kilikataa. Un kilisimama mbele ya sufuria ya mama Chadia, sombe ya majani ya mihogo ikachemka tangu asubuhi mpaka alasiri bila kuiva. Dis kilisimama mbele ya posa ya watu, wazee wakarudi na mbuzi wao. Im kilikaa wiki nzima kwenye mlango wa ofisi moja ya vitambulisho, lakini pale hakuna aliyegundua tofauti.

Hakuna aliyeshangaa. Watu walishuku tu. Aliyeivisha chakula ndiye aliyetakiwa ajieleze.

"Sombe yako iliiva, jirani. Weye ulifanya nini?"

Rehema alishuku kuliko wote. Aliamini kanuni iko na Prof anaificha kwa ajili ya watu wake. Akavifuata vichwa siku tisa, daftari mkononi. Vilisimama mbele ya tajiri na mbele ya maskini, msikitini na kanisani, bila mpango wowote. Siku ya kumi akapita Lukumani, mpwa wa mkubwa anayeajiri watu kule kampuni, kijana ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa miwani ya jua. Vichwa vikampisha. Vilisogea pembeni, shingo chini, mpaka akapita.

Rehema akaenda kwa mwalimu. "Prof, ulijua?"

"Mwanangu, mimi nafundisha vipande. Mutu wa kupisha, vinamujua vyenyewe."

Kwenye mtihani wa kumchagua mkalimani walikaa watu kumi na mmoja. Vichwa vilikaa mbele ya kumi. Kalamu zilikataa wino, karatasi zikakataa majibu; Rehema alisukuma un kwa kiwiko, kikaja in, naye akaandika hivyohivyo mpaka swali la mwisho. Lukumani aliandika jina lake, akatoka kununua beignet, maandazi ya mtaani. Matokeo yalibandikwa mlangoni kabla karatasi hazijakusanywa.

Siku ya mkutano Rehema alifika Salamabila juu ya pikipiki ya Zakaria, matope mpaka magotini. Vichwa vitano vilikuja naye, vimejipanga juu ya tangi la mafuta.

Mzee Bulaimu akasimama mbele ya watu.

"Hapana," alisema. "Shamba sitoi. Mule iko kaburi ya mama yangu na chakula ya watoto."

Vichwa vyote vitano vikashuka, vikasimama mstari mmoja mbele yake. Hata muzungu aliviona, akarudisha miguu nyuma asivikanyage. Ndipo Lukumani akakohoa, akafungua kinywa, na vichwa vikampisha. Kilichotoka kilikuwa ndiyo, nyororo, haina hata kovu.

Rehema akainuka. Kwa Kiingereza safi, neno kwa neno, akamwambia muzungu kwamba papa yake amekataa. Muzungu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Lukumani ili amtafsirie.

"Mutoto wake anashukuru pia," Lukumani aliwageuzia muzungu na mzee, kila mmoja kwa lugha yake.

Mashine ya kuchimba ya kampuni ilifika Alhamisi. Dereva wake, mtu wa Kasongo, alivikuta vichwa vimesimama kwenye mpaka wa shamba. Akazima injini, akashuka, akavipa salamu, akangoja, maana mtu aliyelelewa vizuri havikanyagi vitu vya watu. Saa nne Lukumani alikuja kuangalia kazi inakwendaje. Vichwa vikasogea.

Mzee Bulaimu akaomba kiti. Rehema akamletea, akakiweka mahali ambapo vumbi halitamfikia.

Mashine ikaanza na mihogo.