Aliyekaa Kiti cha Tatu

Siku hiyo mjinga alikuwa Wilmar, na mwenyewe hakatai. Ndiye aliyeandika programu ya foleni ya kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hapo Paysandú, na ndiye aliyemziba mdomo mkaguzi.

Mkaguzi ni ile sehemu ya lugha ya programu inayosoma kazi yako kabla haijakubali kuiendesha. Alikuwa amemwonya waziwazi: orodha ikijaa huhamia mahali papana zaidi, kwa hiyo usiache kidole, ile alama inayoonyesha mgonjwa yuko wapi, kikielekea kiti cha zamani. Wilmar, akiharakishwa na mkurugenzi, akaandika neno la kumwambia, niache, najua ninachofanya. Hakujua.

Alhamisi saa mbili asubuhi viti vinane vilijaa. Mama yake, doña Nélida, alikaa cha tatu, miguu imevimba hadi viatu vimekataa. Akaingia wa tisa, dereva wa lori la machungwa. Kwa kuwa vyumba pale hufuata orodha, papo hapo wote tisa wakawa wameketi ng'ambo ya ua, penye viti kumi na sita. Hakuna aliyemwaga hata tone la mate, ile chai ya majani wanayoifyonza kutoka kibuyuni. Dereva aliuliza choo kiko wapi sasa.

Muuguzi Mirta, akimtafuta doña Nélida, alifuata kidole cha skrini hadi chumba cha zamani. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu, ila kililia kama kimeelemewa. Akafunga mkanda wa presha hewani, ukabana. Akachoma sindano, ikatoka damu, baridi kama maji ya friji. Akaisafisha kwa muda wa saa nne kamili. Skrini ikaandika: Nélida Bentancor, tayari.

"Mirta, mama hajaguswa!" Wilmar, aliyekuwa kando ya mama yake ng'ambo ya ua, alimwambia aliporudi. "Msikie anavyohema!"

"Mwanangu, mimi nimemhudumia aliyekuwa kitini. Tena ameshukuru."

Mkurugenzi Ibarburu akaja, kibuyu cha mate mkononi.

"Nipe nusu saa, doktari, nimrudishe mkaguzi," Wilmar alimsihi.

"Mkaguzi wako anachelewesha foleni. Mama amesafishwa, skrini hiyo hapo. Arudi Jumamosi."

Kufikia Jumamosi maji yangekuwa yamejaa mapafuni. Wote walilijua hilo. Ibarburu alifyonza mate kibuyuni.

Doña Nélida akakusanya pumzi.

"Haya, doktari. Basi mwambie huyo aliyesafishwa anikojolee."