Foleni ya Maneno ya Mama

Fundi alikuwa chini ya meza, amepiga magoti, anapapasa sakafu kwa sumaku akitafuta skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na matusi aliyokuwa akiitupia skrubu hiyo hayaandikiki. Ilikuwa ya mwisho. Ikipatikana, kompyuta ya mkononi ya mama yake ingefungwa mgongo na kazi ingekuwa imekwisha, isipokuwa sauti. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya sauti tu, mtu mwenye akili timamu angesema kazi haijaanza.

Mama alikuwa ukumbini, mlango wazi, anakunywa chai kwa kijiko kwa sababu ya koo. Madaktari walikuwa wamemtoa uvimbe, uvimbe ukaondoka na sauti ikaondoka nao. Midomo ilibaki. Aliendelea kusema kutwa nzima kama alivyozoea, kwa nyusi na vidole na kila kitu, ila hakuna kilichosikika. Kuandika hakuwahi kujifunza. Mambo yake yote maishani aliyamaliza kwa mdomo, na aliyamaliza vizuri, waulize waliowahi kugombana naye.

"Usihofu, mama," fundi alimwambia alipotoka hospitali. "Nitakutengenezea mdomo mwingine."

Kompyuta aliipata kwenye boksi la vitu ambavyo ofisi moja ilikuwa inatupa. Ilikunjwa katikati kama pochi, ilienea kiganjani, na ndani ilikuwa na prosesa ya ARM, jamii ya zile za kwenye simu. Mfumo wake wa zamani ulikuwa umekufa siku nyingi. Fundi akaamua kuiwekea Linux, mfumo wa bure ambao mtu anaweza kuurekebisha mwenyewe.

Sasa, Linux kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya alasiri moja, hata ukiwa unasinzia. Kwenye kimashine cha mkononi ni habari nyingine. Kila kiwanda kimepanga vyombo vyake kivyake, na mfumo ukiingia humo ni kama mgeni aliyeamka gizani kwenye nyumba ya watu, hajui swichi ya taa iko wapi mpaka umwandikie ramani. Fundi akaandika ramani. Kwanza kioo kilibaki cheusi. Akachomea nyaya mbili kwenye bodi ili asome kimashine kinanung'unika nini kikiwaka. Kisha kioo kikaja, lakini picha imelala ubavu, ikawa anayetaka kusoma sharti alaze kichwa begani. Mama alimcheka kwa macho mpaka machozi yakamtoka. Baadaye vitufe vikaitika. Juu ya kila kitufe fundi akabandika picha: kikombe, kitanda, dirisha, kidonge. Kijani kilikuwa "ndiyo" na chekundu kilikuwa "hapana." Mama abonyeze, mashine iseme.

Mashine haikusema.

"Kesho itasema," alisema fundi. Kesho ya fundi kila mtu anaijua. Hata washona viatu wanayo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Simu za wateja zilikuja zimevunjika vioo, zimelowa maji, wenyewe wamesimama mlangoni wanahema, nazo zikatangulia. Mganga hajigangi. Akipata nafasi alikaa na kile kimashine, akibadilisha draiva hii na ile, zile programu ndogo zinazoendesha spika, akiutafuta ugonjwa wa sauti kila mahali isipokuwa mahali ulipokuwa.

Kikao cha familia kilifanyika katikati ya hizo kesho. Kilimhusu mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye mama alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa bibi yao. Kitinda alikuwa ameishi na dada yake tangu wote wawili wakiwa na meno ya kutafunia miwa. Alikuwa msahaulifu, macho yamefifia, na alilala chumba cha mbele, kile chenye mlango unaotazama barabara. Kaka mkubwa, afisa wa bima, mtu wa tai hata siku za mapumziko, alisema wagonjwa wawili nyumba moja ni mzigo. Kuna binamu huko milimani, alisema, ana nafasi na hewa safi. Akaongeza kwamba chumba kikibaki wazi, fundi anaweza kukitumia kwa muda, maana kona yake ya sokoni ilikuwa inavuja. Fundi hakuliomba hilo. Hakulikataa pia.

"Mama, unasemaje?" kaka mkubwa aliuliza, kwa sababu yeye ni mtu wa utaratibu.

Mama alisema mengi sana. Midomo yake ilikwenda kama cherehani. Kimashine kilikuwa mapajani mwake, naye akakibonyeza kitufe chekundu, akakibonyeza tena, akakishikilia mpaka ukucha ukageuka mweupe.

"Anachezea kimashine chake," alisema kaka mkubwa. "Bado hakijatengemaa, au siyo?"

"Bado kidogo," alisema fundi.

Mama akaanza kutikisa kichwa. Dada yao, ambaye ni muuguzi, akaruka kutoka kwenye kiti, kwa kuwa shingo ile ilikuwa na mshono mbichi na haikutakiwa kugeuzwa. Akakishika kichwa cha mama kwa mikono miwili, kwa upole wa kitaalamu, akakituliza kabisa. Kikao kikafungwa. Kitinda aliondoka na basi la asubuhi, amevaa sweta kinyume, akiuliza kila aliyekuwa karibu kama dada yake ameshapanda.

Hivyo ndivyo fundi alivyokuja kuwa chini ya meza hii, ndani ya chumba hiki.

Aliipata skrubu kwenye upindo wa suruali yake. Akainuka, akapangusa magoti, na kabla ya kufunga mgongo wa mashine akapitia tena orodha ya njia za sauti, ile ambayo Linux humwonyesha mtu kama milingoti imesimama safu. Alikuwa ameitazama mara nyingi. Leo aliitazama kweli. Chini ya mlingoti wa spika palikuwa na herufi M mbili, ishara kwamba njia imefungwa. Si kuharibika, kufungwa tu. Mifumo hii huja na sauti ikiwa imezibwa, isije ikampigia mtu kelele, na hufunguliwa kwa kugusa kitufe kimoja. Kila mwanafunzi anajua. Draiva ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza Linux ilipowaka.

"Ala!" alisema fundi, akaukalia mkebe wa rangi. Kisha akabonyeza kitufe.

"Leo kimenijua," alisema mama kutoka kwenye mashine. "Kimelala ubavu kama baba yenu akishiba."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa sentensi. Ukumbini, mama aliweka kijiko chini. Fundi alimpelekea kimashine, akakiweka mapajani mwake, wote wawili wakasikiliza. Haikuwa inasema alichobonyeza. Ilikuwa inasema yote ambayo midomo yake ilikuwa imesema tangu siku ile kioo kilipolala ubavu, kwa mpangilio, neno baada ya neno, bila kuruka. Maneno yalikuwa yamekaa foleni yakisubiri mlango ufunguliwe. Fundi alikagua nafasi ya kuhifadhia, akaona imejaa karibu pomoni, akaona hilo linaelezea kwa nini mashine ilikuwa nzito siku za karibuni.

Majirani walikuja, kila mmoja kusikiliza zamu yake. Jirani mshona nguo alijisikia akiambiwa, "Huyu naye akikaa, kiti kinaota mizizi." Akacheka, akasema ni kweli, siku ile alizidisha. Mwuza mkaa aliombewa dua asiyokuwa na habari nayo, akavua kofia. Mama alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe, akiitikia kwa kichwa hapa, akijifunika uso pale. Akitaka kusema jambo jipya midomo ilikwenda, na jambo likaingia nyuma ya foleni.

Kisha zikafika siku za kikao. Fundi aliwaita kaka na dada, maana aliona si haki asikie peke yake. Walikaa viti vilevile.

"Mama, unasemaje?" Hilo halikusikika, kwa kuwa mashine ilibeba maneno ya mama tu. Walisikia jibu.

"Nasema hapana. Hapana. Mnanisikia? Msimpeleke Kitinda kokote. Yule akiamka asiponiona anadhani nimekufa. Hajui kuomba blanketi, hajui kusema njaa, mimi ndiye ninayejua akishika sikio ana njaa. Nibebeni mimi mnipeleke huko, yeye mwacheni. Hapana, hapana. Wewe, niachie kichwa. Niachie kichwa, mwanangu, sitikisi kwa maumivu."

Dada aliitazama mikono yake, akaikalia. Alilia bila kujificha. Kaka mkubwa alilegeza tai, na ilionekana kwamba jambo lile limemwingia.

"Imeniuma," alisema hatimaye. "Sitaki kudanganya. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Na hayo ni maneno ya wakati ule. Mtu hubadili mawazo. Tusubiri sauti ifike kwenye siku ya leo, tuujue msimamo wake wa sasa."

"Kaka yuko sahihi," alisema fundi, haraka kidogo.

Mama aliwatazama wanawe watatu mmoja mmoja. Akaelewa kwamba kadiri atakavyoendelea kusema, ndivyo foleni itakavyozidi kurefuka na leo kukawia. Tangu hapo akafunga midomo. Mwanamke ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa usingizini alikaa dirishani amebana midomo, akiisubiri sauti yake imfikie.

Mashine ilikaa kwenye karakana, yaani chumba kile cha mbele, karibu na umeme, kwa kuwa betri yake ilikuwa ya kizee. Fundi alifanya kazi nayo ikisema. Baada ya kikao foleni ilikuwa na kitu kimoja kila asubuhi.

"Kitinda, amka, chai inapoa."

Mama alikuwa amekuja kwenye mlango wa chumba hiki kila siku, akasema hivyo. Fundi alikumbuka kumwona. Alidhani alikuwa anamsalimia yeye, naye alikuwa akijibu, "Salama, mama, umeamkaje?" huku macho yakiwa kwenye bodi ya simu ya mtu. Sasa alisikia alichokuwa anajibu. "Kitinda, umevaa sweta kinyume tena." "Kitinda, sogea, nikae." Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Wateja waliuliza Kitinda ni nani. Alisema ni mama yake mdogo, anaishi milimani, huko kuna hewa safi.

Foleni iliisha mchana mmoja wenye joto. Mashine ilisema, "Basi, nanyamaza, nione kama itafika," ikatulia. Mama aliinuka dirishani, akaja taratibu akishika ukuta, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akatazama rafu za vioo vya simu mahali kilipokuwa kitanda, na bango la bei mahali palipokuwa na msumari wa kanga. Fundi alishika kifaa cha kuchomea, moshi mwembamba unapanda. Mama alifungua midomo, na kwa mara ya kwanza midomo na sauti vikaenda pamoja.

"Mwanangu, una mahali pengine pa kufanyia kazi?"

Kona ya sokoni ilikuwa wazi. Aliyeichukua alikuwa amehama, na paa lilikuwa limezibwa. Fundi alilijua hilo. Alikuwa amepita hapo juzi kununua waya. Koo lake lilikuwa zima, halina mshono wala kidonda. Alifungua mdomo. Nje mtu alipiga hodi, akauliza kama wanabadilisha chaji. Fundi aliufunga mdomo, akainamia bodi, akachomea pahali ambapo hapakuhitaji kuchomewa.

Mama alisubiri muda mrefu. Mashine nayo ilisubiri, kialama chake kinawaka na kuzima.

"Haya," mama alisema, na mashine ikasema papo hapo, haikuchelewa hata chembe. "Usijisumbue, baba. Najua kazi ni ngumu. Basi mpelekee blanketi lake, lile zito. Kule kuna baridi, na yule hawezi kuomba."

"Nitalituma Jumamosi, mama," alisema fundi.

Jumamosi wateja walikuwa wengi. Alilituma Jumatatu.